Mabati Yaliyotawanyika Ole

Asubuhi baada ya upepo ule mkubwa, shangazi yangu alisimama mbele ya kibanda cha mashine yake pale Ole, mikono kiunoni, akaitazama minazi miwili iliyoanguka juu ya paa. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Injini i hai?"

Injini ilikuwa chini ya boriti, na juu ya boriti kulikuwa na mabati, na juu ya mabati minazi. Mvua ilikuwa bado inanyesha nyepesi, na hewa yote ilinuka majani mabichi ya mikarafuu iliyovunjika. Kutoka pale tuliposimama tuliona mbali kuliko tulivyozoea, kwa sababu miti iliyokuwa ikituzuia macho haikuwapo tena.

Mashine ile ilikuwa ya kukoboa mpunga. Aliinunua marehemu mumewe, mtu aliyefanya kazi chumba cha injini melini miaka mingi, akarudi kisiwani na mambo mawili: kifua kibovu na imani kubwa juu ya karatasi. Ndiye aliyeikatia mashine bima ya moto na tufani, jambo lililowapa watu wa Ole mzaha wa kutosha. "Kila mwaka ampelekea mtu fedha ili upepo usivume," walikuwa wakisema. Alipofariki, shangazi aliendelea kulipa. Hakuwa akiielewa ile karatasi. Aliendelea kwa kuwa mumewe ndiye aliyeanza, na yeye si mtu wa kuacha kilichoanzwa.

Kwa mashine hiyo alikula, akavaa, akakaa edani na kutoka edani bila ya kubisha mlango wa mtu. Kwa mashine hiyo wanawake wa Ole waliweka michi pembeni, na viganja vyao vikaanza kulainika. Sasa, kama injini haitengenezeki, kilichokuwa kikimngojea kilijulikana. Siku ya tatu baada ya upepo, shemeji yake wa Pujini alimtumia salamu: auze kiwanja pamoja na hicho chuma, ahamie kwake, chumba cha uani kipo. Shangazi alimsikiliza mjumbe mpaka mwisho, akampa maji ya kunywa.

"Mwambie nimeshukuru," alisema. "Mwambie na chumba akipangishe."

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi karibuni kutoka masomoni Unguja, nafundisha skuli ya wasichana Chake Chake, naishi kwa jamaa zetu Tibirinzi na kwenda Ole kila Alhamisi mchana. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo na nilijiona najua mambo. Nalisema hilo mapema kwa sababu kosa kubwa la habari hii ni langu.

Lakini kosa la kwanza, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la Ole nzima, nalo lilifanywa kwa mapenzi. Kwetu nyumba ya mjane ikianguka, haiachwi chini. Kuiacha wiki nzima ni aibu ya mtaa, si ya mwenye nyumba. Kwa hiyo siku ya pili tu watu walikuja, na makwao paa zimefunuliwa vilevile. Wanaume waliikata minazi, wakainua boriti, wakaitoa injini nje kwa kamba na magogo huku wakiimba. Wanawake waliketi chini ya turubai wakisuka makuti. Fundi wa baiskeli, ambaye ndiye fundi wa kila kitu pale, aliifuta injini matope, akaipaka grisi, akaifunika gunia. Siku ya nne kibanda kilikuwa kimesimama tena, paa la makuti mapya, sakafu imefagiwa, injini imerudishwa mahali pake.

Mabati yalikuwa yamekunjika na kutoboka, hayafai tena paa. Shangazi aliwaambia watu, "Chukueni. Kila mwenye haja na achukue." Yakaenda. Moja likafunika kisima, moja likawa mlango wa banda la kuku, mengine yakazibia majiko na vyoo. Katika wiki ile kila kipande cha kitu kigumu kilikuwa neema.

Wakala wa kampuni ya bima alikuja siku ya kumi. Alikuwa kijana wa mjini, mpole wa maneno, viatu vyake vimeingia matope mpaka kwenye kamba. Alizunguka kibanda mara mbili.

"Bi mkubwa, hasara iko wapi?"

"Hii hapa umesimama ndani yake," shangazi alimwambia.

"Nimesimama ndani ya banda zima. Nakuta na injini inang'ara."

"Inang'ara kwa grisi. Izungushe basi."

Alijaribu kuizungusha. Haikwenda. Fundi akamwonyesha: gurudumu zito la ubavuni lilikuwa na ufa, na mhimili wake umepinda. Wakala akasema chuma hupasuka kwa uzee pia, na nani ajuaye ufa ule ulianza lini? Tena mkataba hauruhusu mtu kutengeneza kitu kabla ya kampuni kuja kukitazama. Baada ya maneno hayo akatoa karatasi. Kampuni, kwa huruma yake, ingempa kitu kidogo cha makuti na misumari. Shangazi atie kidole gumba hapo chini, shauri liishe.

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba umepokea na umeridhika."

"Sijapokea na sijaridhika," shangazi alisema. "Kidole changu kitasema uongo kwa nini?"

Wakala alicheka kidogo, akaikunja karatasi, akamwambia afikiri. Nilipofika Alhamisi nikamkuta shangazi ameketi na mkataba mapajani, ameutandaza kama mtu atakaye kuusoma kwa kuutazama sana.

"Umesoma kizungu," aliniambia. "Soma."

Nilisoma kuanzia Alasiri mpaka macho yakaniuma. Sentensi zake zilikuwa ndefu, zinazunguka na kurudi zilipotoka. Lakini mahali pamoja nilisimama, nikarudia mara tatu, kisha nikamfasiria: baada ya hasara, mwenye mali afanye kila awezalo kuzuia hasara isizidi. Mkataba haukumkataza kutengeneza. Ulimwamuru.

Shangazi akasema, "Marehemu alijua anachokilipia." Akaenda kutia maji ya udhu.

Kulikuwa na tangazo limebandikwa sokoni Chake Chake, na masheha walilisoma vijijini: serikali imemleta afisa kutoka Unguja anayesimamia kampuni za bima, na yeyote mwenye mali iliyokatiwa bima na kuharibiwa na upepo, akiona hakutendewa haki, apeleke malalamiko yake. Jumamosi ile tulikwenda, shangazi amevaa buibui lake jipya. Afisa alikuwa amepewa chumba kando ya ofisi ya mudiri, mkuu wa serikali pale mjini. Alikuwa mtu mwembamba, koti juu ya kanzu, na alipofungua mdomo tu shangazi akaninong'oneza, "Wa mjini huyu, hajapata kupanda mpunga."

Lakini alijua kusikiliza. Hakumkatiza. Aliuliza upepo ulianza wakati gani, mnazi upi uliangukia upande gani, nani aliitoa injini na kwa njia gani. Aliuliza kama kampuni imemwandikia sababu za kumkatalia.

"Haikuandika. Ilisema."

"Basi itaandika," alisema. "Kampuni ikikataa, iandike na kutia saini. Na wewe, mama, usitie kidole kwenye karatasi yoyote usiyosomewa kwa lugha yako. Hata ikiwa ni mimi niliyekuletea."

Nilimwonyesha yale maneno ya mkataba. Aliyasoma, akaniangalia juu ya miwani, akasema niko sawa. Nilivimba kwa furaha. Kisha akanipasua.

"Kutengeneza si kosa lake. Lakini mimi si hakimu wa huruma. Siwezi kuiamuru kampuni ilipie kitu ambacho hakionekani. Mabati mangapi yaliharibika?"

"Kumi na tisa," alisema shangazi.

"Yako wapi?"

"Yamo Ole."

"Nitakuja Jumatano na wakala wake. Nionyesheni. Yakionekana, tutajua paa liligongwa na nini, na tutaujua na ufa wa injini. Yasipoonekana, litabaki neno lako na neno lake, na mimi nitafunga jalada."

Hapa ndipo nilipofanya nililolifanya. Jumapili asubuhi nilichukua daftari, nikalipiga mistari kama daftari la mahudhurio ya skuli, nikapita nyumba kwa nyumba. Jina la mwenye nyumba. Idadi ya mabati. Yako wapi. Nilisema, kwa haraka ya mtu mwenye kazi muhimu, "Serikali inakuja Jumatano kuyaangalia." Nikaandika kumi na tisa, nikajumlisha, nikapiga mstari chini. Jioni nikarudi Tibirinzi na moyo mweupe.

Jumanne mchana, skuli ilipofungwa, nilirudi Ole kujiandaa na kesho. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mbao. Banda la kuku lilikuwa na mlango wa makuti. Nilipita njia yote sikuliona bati hata moja, na kila nilipotoa salamu nilijibiwa na mtu aliyekuwa akitazama kwengine.

Shangazi alikuwa ameshajua.

"Umewaandika," aliniambia. Hakupandisha sauti.

"Nimeandika mabati, Shangazi."

"Umeandika majina ya watu, ukawaambia serikali inakuja. Wataelewa nini? Kwamba mie nimewashitaki kwa mabati niliyowapa kwa mdomo wangu. Wamekuja kuninyanyulia nyumba, nami nimewalipa kwa daftari."

Nilianza kulia. Alinipa upande wa kanga yake nijifute, akasema kilio kingoje. "Liache daftari hapa. Twende."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yake wa ukutani, shoga yake tangu chuo cha Kurani, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, aliyesuka makuti mengi kuliko mtu yeyote siku ile. Bati lake ndilo lililokuwa mlango wa banda la kuku. Tulipiga hodi. Alikuwa akichambua mchele, hakuinuka.

"Karibu, Bi Serikali," alisema. "Umekuja na pingu au zinakuja nyuma?"

"Nimekuja na mtoto wangu, aombe radhi."

"Mwalimu! Nilikuwa wa ngapi darasani? Niliandikwa nimehudhuria?"

"Wa nne, bi," nilisema kabla ya kufikiri, na mwanawe mkubwa, aliyekuwa mlangoni, akageuza uso asicheke.

"Wa nne! Nimesuka makuti mpaka vidole vikatoka damu, nimekuwa wa nne kwa wizi."

Niliomba radhi. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka, habari ya mkataba na ushahidi. Alinisikiliza kama asikilizavyo mtu mvua iliyo juu ya bati la mwenziwe. Shangazi alinisogeza pembeni.

"Shoga," alisema, "bati ni lako. Ningelitaka lirudi ningekuja kukwambia, rejesha. Siji kulichukua. Nataka kesho mtu wa Unguja alione tu, aone mnazi ulivyolikunja. Mkiyaficha, kampuni itasema hapakuwa na upepo. Injini ile haitazunguka tena. Mie nitakwenda Pujini chumba cha uani, na wewe utarudi kwenye mchi. Hayo ndiyo niliyokuja kukwambia."

"Na nikilileta, halafu likachukuliwa?"

"Basi nitaling'oa la jikoni kwangu nikupe."

Jirani alipepeta ungo mara mbili tatu. "Nitalileta nikitaka," alisema mwishowe. Hatukupewa zaidi ya hapo.

Tukapita nyumba zote. Kila mahali shangazi alisema maneno yaleyale, wala hakumtajia mmoja lililosemwa na mwengine. Wengine walisema inshaallah, kwa namna ile ambayo huwezi kujua ni ndiyo au siyo. Mzee mmoja alisema hajapata kuona bati maishani mwake, na alilisema hilo huku ameketi juu yake, limefunikwa mkeka. Tulipomaliza miguu ya shangazi ilikuwa imevimba. Nilimwambia pengine tungemwendea sheha awaamuru.

"Wakiamriwa ndio itakuwa kweli nimewashitaki," alisema. "Waje wenyewe, au wasije."

Jumatano afisa alifika mapema, wakala pembeni yake. Uwanja wa mashine ulikuwa mtupu. Shangazi alikuwa na bati moja tu, la jikoni kwake. Afisa alilitazama, akaligeuza, akauliza mengine. Shangazi akasema, "Tungoje."

Tulingoja. Wakala alitoa kitambaa akajifuta shingo. "Bwana afisa," alisema, "tuna vijiji vyengine viwili." Afisa alitazama saa. Nakumbuka nilihesabu kuku waliopita uwanjani, ili nisiitazame njia.

Wa kwanza alikuwa jirani. Alikuja na bati kichwani, juu ya kata ya kanga, anatembea polepole kama mtu apelekaye sinia la harusi. Nyuma yake mwanawe alikuwa na jingine. Alilitua mbele ya wakala, kishindo.

"Hili la kuku wangu. Kuku wamelindwa na kuti jana kwa ajili yako."

"Lilikuwa sehemu gani ya paa?" afisa aliuliza.

"Mie nijuaje? Mie nilikuwa chini nasuka. Muulize huyo aliyekuwa juu, ndiye anayejisifu."

Aliyekuwa juu naye alikuja, na bati lake. Kisha wengine. Yalitoka kwenye migomba, chini ya vitanda, ndani ya zizi la mbuzi. Moja lilikuwa limezikwa, bado lina udongo. Yule mzee alileta alilolikalia, akasema limemzukia ghafla. Watu wakacheka, na kwa kicheko kile uwanja ulibadilika. Wanaume walianza kubishana lipi lilikuwa wapi, wakayapanga chini, tundu la msumari kwa tundu la msumari, mpaka paa likaonekana limelala ardhini kama lilivyokuwa limekaa juu, na kati yake mikunjo miwili mirefu ilipopigwa na minazi. Mkunjo mmoja ulipita palepale injini ilipokuwa. Boriti ikaletwa. Alama iliyoachwa na chuma juu yake ililingana na ufa wa gurudumu.

Afisa alimpa wakala kalamu. "Andika wewe," alimwambia. "Hesabu yako mwenyewe." Wakala akahesabu, akaandika kumi na tisa, akatia saini.

Kisha afisa akauliza juu ya ukuta wa nyuma, uliokuwa na mpasuko kutoka juu hadi chini. Ulipasuliwa na upepo? Nilimwangalia shangazi. Kila mtu alimwangalia. Ndiyo moja tu, na kampuni ingelipa na ukuta.

"Huo ulipasuka zamani," alisema. "Mume wangu alikuwa hai."

Jirani alipiga ulimi kwa hasira. Wakala aliinua uso kutoka kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama shangazi hasa.

Barua ya kampuni ilikuja, imeandikwa na kutiwa saini kama afisa alivyoagiza: wamekubali paa na injini, wamekataa ukuta. Kukubali hakukuwa kulipa. Tulikwenda Chake Chake mara tatu. Mara ya kwanza karani wao alikuwa safarini, mara ya pili ufunguo ulikuwa safarini. Kila tuliporudi mikono mitupu, shangazi alipita kwa afisa na kumweleza, bila ya kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua. Afisa aliandika. Mara ya tatu alivaa koti lake, akafuatana nasi kwa miguu mpaka ofisi ya wakala, akaketi kwenye benchi la wateja, akasema ana nafasi mpaka Adhuhuri. Hakuhitaji kungoja mpaka Adhuhuri.

Gurudumu lilikuja kutoka Mombasa pamoja na mhimili wake, limefungwa ndani ya sanduku la mbao. Fundi wa baiskeli alilifunga kwa siku mbili, hakutaka mtu amguse bega. Siku ya tatu aliizungusha injini. Ilikohoa, ikazima. Akaizungusha tena. Ikakohoa, ikashika, na moshi ukatoka mweusi, kisha wa buluu, kisha haukuonekana, ikabaki sauti peke yake, ile sauti ya kugonga iliyokuwa ikisikika mpaka barabarani.

Wanawake walikuwa tayari wamepanga vikapu vya mpunga. Ukuta wa nyuma ulikuwa bado na mpasuko wake. Mwanga ulipita pale ukakata vumbi la pumba katikati. Shangazi alijifunga kanga, akamwita shoga yake aje wa kwanza.

"Mie wa nne," jirani alisema, akaketi juu ya kikapu chake. "Hivyo ndivyo nilivyoandikwa."

Watu walicheka, wakanitazama. Nilikitwaa kikapu cha aliyekuwa mbele, nikakimimina mashineni.